Kujifunza mitandao isiyo na waya ukiwa Mtwara au Lindi: pima kwanza, kununua baadaye

Kusini Hewani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi, hasa mlioko kusini.

Vijana wengi wananifuata inboksi na swali lile lile: "Mkuu, nataka kujifunza netiweki, ninunue ruta gani?" Nimeona nijibu hapa hadharani ili na wengine wafaidike. Jibu langu: usinunue kitu kwanza. Ukiwa na simu janja tayari unacho kipimo cha kuanzia, na mtu anayejua kupima ni vigumu kuuziwa kifaa asichokihitaji. Kazi yangu ni kufunga mitandao ya maofisi, mashule na nyumba za wageni huku kwetu, na pesa nyingi nazoziona zikipotea zinapotelea kwenye ruta mpya wakati tatizo ni ukuta, mti au chaneli (ile njia ya hewani ambayo waifai yako inatumia).

Nitashusha kwa awamu. Mwenye swali aulize papo hapo, asingoje mwisho.

Awamu ya kwanza: waifai si intaneti

Hili likikaa kichwani, nusu ya safari umeimaliza. Mistari ya waifai kwenye simu inakwambia kitu kimoja tu: simu yako na ruta yako zinasikilizana vizuri kiasi gani. Haisemi lolote kuhusu njia inayotoka kwenye ruta kwenda nje.

Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ikadorora kwetu na kwa majirani. Siku zile mistari ya waifai majumbani ilikuwa imejaa yote. Simu ilikuwa inaongea na ruta bila shida, ila ruta yenyewe haikuwa na pa kupitia. Mtu akihamisha ruta toka sebuleni kwenda juu ya kabati siku kama ile anajichosha bure.

Sasa unajuaje kipande kipi ndicho kibovu? Kuna amri inaitwa ping. Kwenye kompyuta ipo tayari, kwenye simu unapakua programu ndogo ya bure. Inatuma kifurushi kidogo cha data kwenye anwani unayotaka na kupima jibu limerudi baada ya milisekunde ngapi.

Anza kwa kuangalia kifaa chako kimepewa anwani gani. Mitandao ya nyumbani mara nyingi inatumia anwani zinazoanza na 192.168, na anayezigawa ni ruta kwa huduma inayoitwa DHCP. Ukikuta kompyuta yako ina anwani inayoanza na 169.254, jua kwamba hakuna aliyeigawia, imejipachika yenyewe. Hapo tatizo liko kati yako na ruta, usimpigie simu mtu wa kampuni.

Ukishakuwa na anwani, piga ping kwa ruta yenyewe, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kama umekaa karibu nayo, majibu yarudi ndani ya milisekunde chache na yasiruke. Yakirudi 3, halafu 4, halafu 250, halafu moja lisirudi kabisa, mgonjwa ni waifai. Yakiwa safi, nenda nje: piga ping 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google iliyo wazi kwa wote. Ikigoma hapo wakati ruta inajibu vizuri, mgonjwa ni njia ya kutoka, yaani laini, bando limeisha, mnara au mkongo. Na kama 8.8.8.8 inajibu lakini ukiandika jina la tovuti halifunguki, tatizo ni DNS, ile huduma inayogeuza majina kuwa anwani za namba. Hilo unalirekebisha kwenye mipangilio bila kupanda hata kiti.

Fanyeni zoezi hili leo, kila mtu kwake, hata kama mtandao hauna shida. Ukijua ukiwa mzima unasomaje, siku ukiugua utagundua mara moja.

Korosho Safi

Uzi tayari. Naweka kambi hapa. Endelea kushusha mkuu.

Kusini Hewani

Karibu sana. Tuendelee.

Awamu ya pili: mawimbi na namba zake

Waifai ya kwanza kuwekewa viwango rasmi ni ya mwaka 1997, ikiitwa 802.11, na kasi yake ya juu ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde. Tangu hapo yamekuja matoleo mengi, leo tunasikia Waifai 6 na Waifai 7. Mwanzoni usihangaike na majina hayo. Hangaika na bendi mbili, yaani masafa mawili ambayo waifai inarushia: 2.4 GHz na 5 GHz.

Wimbi la 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12.5, la 5 ni kama sentimita 5 hadi 6. La 2.4 linapenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, ila bendi yenyewe ni nyembamba na imejaa watu. Ya 5 ina nafasi kubwa na kasi, lakini ukuta unaipunguza haraka. Kwa hiyo simu iliyo chumba kimoja na ruta iweke kwenye 5, ya chumba cha nyuma iache kwenye 2.4.

Achana na mistari, soma namba. Pakua programu yoyote ya kuchambua waifai, utaona kila mtandao una namba hasi mbele ya herufi dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Karibu na ruta utakuta -40 hivi. Mpaka -67 bado unaongea kwa video bila kukatika. Ikifika -80 unatapatapa, na -90 ni kama haipo. Siri ya namba hizi ni hii: ukishuka kwa 3, nguvu imebaki nusu. Ukishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Ukiwa mahali pa wazi na ukazidisha umbali mara mbili, unashuka kwa 6. Mtu anayeona -60 na -70 akadhani ni tofauti ndogo, hajajua kwamba ya pili ina nguvu moja ya kumi tu ya ile ya kwanza.

Simama mita moja na nusu kutoka kwenye ruta, usome. Halafu pita nyuma ya ukuta, usimame karibu nao, usome tena. Tofauti kubwa unayoiona ni ile ambayo ukuta umekula. Fanya hivyo nyumba nzima na uandike kwenye daftari, chumba kwa chumba, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Wenzetu wa Mikindani wenye nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa watashangaa. Kuta zile ni nene, na waifai ya 5 GHz inaweza kuishia mlangoni. Huko dawa ni kuvuta kebo mpaka chumba cha pili na kuweka kituo kingine cha waifai. Ruta yenye antena nyingi haitasaidia.

Bati nalo ni kioo cha mawimbi, linayarudisha. Ndiyo maana ruta iliyo ndani ya fremu ya bati haisikiki nje. Na maji yanayanywa mawimbi. Kuna nyumba ya wageni nilienda kukagua, antena ilikuwa imefungwa vizuri juu ya nguzo lakini mbele yake, hatua mbili tu, kulikuwa na tangi kubwa la maji. Tangi likiwa tupu wageni wa vyumba vya nyuma wanapata mtandao, likijazwa hawapati. Mwenye nyumba aliamini kwamba mtandao unasumbua asubuhi, kumbe asubuhi ndiyo pampu inawashwa. Tulisogeza nguzo, basi.

Binti wa Masasi

Kaka asante kwa uzi. Mimi nina steshenari karibu na stendi, Masasi. Mistari imejaa, dBm nimesoma sasa hivi ni -48, na bado jioni mtandao unakuwa mzito sana. Ping kwa ruta inaruka mpaka 300. Ruta ni mpya. Shida ni nini?

Kusini Hewani

Dada, umeuliza vizuri kwa sababu umekuja na namba. Nguvu ya mawimbi unayo, unachokosa ni nafasi hewani.

Waifai ni kama kikao cha ukoo: anaongea mmoja, wengine wanangoja. Kila kifaa kabla ya kutuma kinasikiliza kwanza kama chaneli iko kimya. Mkiwa wengi kwenye chaneli moja, foleni inakuwa ndefu hata kama kila mmoja anasikika vizuri. Karibu na stendi jioni kuna maduka, mawakala wa pesa, saluni, na kila mmoja ana ruta yake, na simu za abiria zinazorusha waifai zenyewe ziko kibao.

Bendi ya 2.4 ina chaneli 13 kwenye orodha, lakini usidanganyike. Zimeachana kwa megahezi 5 tu, na kila mtandao unakula upana wa 20. Kwa hiyo zisizogusana ni 1, 6 na 11. Jirani akiwa kwenye 1, mwingine kwenye 6, nawe ukajiweka 3 ukidhani umepata pa peke yako, umejitafutia kelele za pande zote mbili. Ni heri kukaa chaneli moja na jirani, kwa sababu hapo mnasikiana na kupeana zamu. Mkigusana nusu nusu hamsikilizani, mnavurugana.

Fungua ile programu saa ya msongamano, si asubuhi, uone kati ya 1, 6 na 11 ipi ina watu wachache au wenye namba dhaifu. Ihamie. Kisha kwenye mipangilio ya ruta tafuta upana wa chaneli, kama 2.4 imewekwa 40 irudishe 20. Kompyuta za dukani zilizo karibu na ruta zipeleke kwenye 5 GHz, au bora zaidi zivutie kebo. Kitu kisichosogea hakina sababu ya kutumia hewa.

Na angalia hili: kuna mteja anayekaa mbali, labda ng'ambo ya barabara, anatumia mtandao wako kwa -82? Huyo anawachelewesha wote. Kifaa kisichosikika vizuri kinashuka kasi, na kinachotuma kwa megabiti 6 kinachukua hewa mara tisa ya muda wa kinachotuma data ile ile kwa 54. Badilisha paswedi, uone nani anabaki.

Binti wa Masasi

Nimehamia 11 na kurudisha 20. Jirani wawili wako kwenye 6 na mmoja kwenye 4. Ping sasa hivi inacheza 5 mpaka 20. Mungu akubariki kaka. Paswedi nabadilisha kesho mapema.

Fundi wa Tandahimba

Mkuu, mimi swali langu ni kuongeza nguvu. Kuna mtu ananiambia ninunue ruta yenye nguvu zaidi ili ifike ghalani, mita 400 kutoka ofisi ya AMCOS, chama chetu cha ushirika. Katikati kuna mikorosho.

Kusini Hewani

Ngoja kwanza usitoe hela. Mawasiliano ni ya pande mbili. Ukiongeza nguvu ya ruta, simu iliyoko ghalani itaisikia, mistari itapanda, lakini simu yenyewe haijaongezewa kitu, sauti yake haifiki kwenye ruta. Utaona mistari imejaa na hakuna kinachofunguka.

Swali lako limetufikisha kwenye

Awamu ya tatu: kuvusha mtandao kutoka jengo moja kwenda jingine

Kwa mita 400 unatumia redio mbili zenye antena za mwelekeo, moja hapa moja kule, zinatazamana. Antena ya mwelekeo haitengenezi nguvu mpya, inakusanya ile iliyopo na kuielekeza upande mmoja, na pia inasikia vizuri kutoka upande huo. Ndiyo maana inasaidia kwenda na kurudi. Kampuni kama Ubiquiti, MikroTik na TP-Link zinatengeneza redio za namna hiyo. Kule ghalani redio inapokea, kisha unaweka kituo cha waifai cha kawaida ndani kwa ajili ya simu.

Lakini lazima zionane. Na kuonana kwa redio si kama kwa macho. Mawimbi yakitoka antena moja kwenda nyingine yanatanuka katikati na kupata umbo la yai refu, wataalamu wanaliita eneo la Fresnel. Kanuni ya kazi ni kwamba walau asilimia 60 ya nusu-kipenyo chake iwe wazi. Kwa mita 400 kwenye 5.8 GHz, katikati ya njia unahitaji kama mita moja na nusu ya uwazi kuzunguka mstari wa kuonana. Ukienda kilomita 5, unahitaji karibu mita 5. Kwa 2.4 GHz kilomita hizo hizo 5 zinataka mita 7 na nusu. Hapo ndipo watu wanapokwama: wanasema "naona ghala kabisa kwa macho", kumbe matawi yako nusu mita chini ya mstari.

Mikorosho haipotezi majani yote kama miti mingine, na jani bichi ni maji. Usipange kupitisha redio katikati ya mikorosho hata kama kwenye majaribio imefanya kazi. Mvua ikinyesha majani yakalowa, itashuka. Panda juu yake. Pima mkorosho mrefu zaidi uliopo kwenye njia, jumlisha uwazi unaotakiwa, jumlisha na miaka ya kukua, hapo ndipo upate urefu wa nguzo. Kama ni mti mchanga uliza mwenye shamba unafika wapi ukikomaa, wakulima wa Tandahimba wanajua kuliko kitabu chochote.

Kebo kati ya redio na swichi (kile kisanduku cha kuunganishia kebo za mtandao) isizidi mita 100, hicho ndicho kikomo cha kebo ya kawaida ya mtandao. Tumia ile nyeusi ya nje inayohimili jua. Kabla haijaingia ukutani, ishushe chini ya tundu kisha ipande, maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate kebo mpaka ndani. Nguzo ya chuma iunganishwe na waya wa ardhi. Radi huwa haichagui.

Na kabla ya kusimamisha chochote cha nje, hasa kama unataka kuuza huduma kwa wengine, fika ofisi za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uulize vibali. Masafa ni mali ya umma na yana msimamizi.

Mtu wa Shangani

Mkuu hili la kuvusha limenigusa. Tuna jengo huku mjini tunataka kupeleka mtandao Msangamkuu. Maji matupu katikati, hakuna mti, hakuna nyumba. Tulijaribu redio za kuazima, mchana ilikuwa safi sana, jioni ikafa, usiku ikarudi. Watu wanasema ni pepo za baharini.

Kusini Hewani

Kaka, upepo hauna hatia. Angalia ratiba ya maji kujaa na kupwa, nadhani utaona inaenda nayo.

Maji ya bahari yanarudisha mawimbi ya redio. Kwa hiyo redio ya ng'ambo inapokea mara mbili: wimbi lililokuja moja kwa moja, na jingine lililogonga maji likaruka. Yakifika yakiwa yameshikana, unapata nguvu. Yakifika yamepingana, yanafutana.

Chukua mfano: redio zote ziko mita 10 juu ya maji, umbali kilomita moja na nusu. Njia iliyogonga maji inakuwa ndefu kuliko ya moja kwa moja kwa kama sentimita 13. Maji yakipanda mita 3, na huku kwetu wakati wa bamvua yanapanda zaidi ya hapo, redio zinabaki mita 7 juu ya maji na tofauti ile inashuka mpaka kama sentimita 6 na nusu. Wimbi la 5.8 GHz lina urefu wa sentimita 5 na kidogo. Maana yake maji yakiwa yanajaa, mtapita mahali ambapo mawimbi yanafutana, kisha mtatoka. Ndiyo jioni yenu hiyo. Na kwa kuwa saa za maji zinasogea kila siku, wiki ijayo itakufa mchana na mtu atasema ni jua.

Suluhisho si kununua redio kubwa. Kwanza rekodi dBm kila nusu saa kwa siku nzima ya bamvua na siku ya maji mafu, uweke na saa ya maji kujaa. Kama vinaendana, sogezeni redio moja nyuma kutoka ufukweni ili ukingo wa jengo, ukuta au kilima kifiche lile eneo la maji linalorudisha, huku redio ya pili ikiendelea kuonekana. Au teremsha upande mmoja, mkihakikisha uwazi bado upo hata maji yakijaa kabisa. Njia nyingine ni antena mbili zenye kimo tofauti upande mmoja, ikizimika hii ile inasikia. Wenzetu wa Lindi mjini wanaotaka kuvuka kwenda Kitunda nao wasome hapa, ni jambo lile lile.

Chumvi pia msiisahau. Boliti ziwe za stenlesi na kila kiungo kizungushiwe utepe wa mpira, la sivyo kutu itakula viungo na mtaanza tena kulaumu upepo.

Mtu wa Shangani

Dah. Siku ile mchana kweli pantoni ilikuwa inahangaika, maji yalikuwa yamekauka. Tunaanza kurekodi Jumamosi, bamvua inakuja. Nitaleta majibu hapa.

Kusini Hewani

Leta, tena na zile namba zenyewe. Utakuwa umewafundisha wengi.

Awamu ya nne: usalama, kwa ufupi

Ukifungua mipangilio ukaona WEP, ulinzi wa kizamani wa waifai, ondoka hapo, udhaifu wake umejulikana tangu 2001. Tumia ulinzi mpya zaidi, WPA2 au WPA3, na paswedi ndefu, kikomo ni herufi 63. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba fupi. Badilisha paswedi ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, siyo ya waifai tu, kwa sababu ile ya kiwandani imeandikwa mtandaoni kwa kila mtu. Wateja na wageni wapewe mtandao wao tofauti, kompyuta yenye hesabu za duka isikae nao. Na usasishe programu ya ruta. Mwaka 2017 lilipogundulika tundu la KRACK kwenye WPA2, waliopona ni waliosasisha, hasa simu na kompyuta zao.

Mwalimu Nachingwea

Ndugu, nafundisha sekondari. Wanafunzi wangu wana hamu kubwa lakini shule haina intaneti ya uhakika wala bajeti ya vifaa. Nina ruta moja kuukuu na kompyuta chache. Nawaanzishaje?

Kusini Hewani

Shikamoo Mwalimu. Hiyo ruta moja inatosha kabisa, na kukosa intaneti hakukuzuii hata kidogo. Mtandao wa ndani unaishi wenyewe.

Iwashe bila laini yoyote. Waache waunganishe kompyuta, kila mmoja asome anwani aliyopewa, wapigiane ping. Kisha zima DHCP uwaambie wajipangie anwani kwa mkono. Wawili watagongana kwa namba moja, na hapo watajua kwa nini anwani haziruhusiwi kufanana. Wape kazi ya kuchora ramani ya dBm ya shule nzima, darasa kwa darasa, kwa simu yako. Hiyo ni fizikia na jiografia humo humo.

Ukipata siku moja ya intaneti mjini, pakua Kiwix, programu ya kusomea bila intaneti, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili, uiweke kwenye kompyuta moja na kuirusha kwa nyingine kupitia ruta hiyo. Wanafunzi watafungua makala kwenye kivinjari bila bando. Pakua pia Packet Tracer ya Cisco, ni bure kwa anayejisajili kwenye mafunzo yao, humo wanaweza kujenga mtandao wa ruta 20 bila kununua hata moja. Wanaotaka kuendelea na ufundi waulize VETA, Lindi na Mtwara kote zipo.

Nikiwa safarini kuelekea huko nitakutafuta, nije na kipimo cha kebo na redio mbili kuukuu wazifunge wenyewe toka darasani mpaka jikoni. Niambie tu jiko liko umbali gani na katikati kuna miti ya aina gani.

Mwalimu Nachingwea

Marahaba ndugu yangu. Ni kama mita 150, na katikati kuna miembe miwili mikubwa. Nitawapa kazi ya kupima urefu wake wiki hii.